Saa Moja na Saa Saba: Uhakiki wa Mafundisho ya Wakati katika Vitabu vya Kijapani

1. Utangulizi

Kila kitabu cha lugha ya kigeni hufundisha saa mapema. Mwanafunzi akiisha kujua salamu, jina na nchi atokako, mara huwekewa mbele picha ya saa yenye mishale miwili na kuulizwa ni saa ngapi. Hudhaniwa kwamba somo hili ni jepesi, kwa sababu hesabu ni ileile duniani kote na lililobaki ni kubadilisha majina. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba dhana hiyo si sahihi, na kwamba katika Kijapani haimsaidii mwanafunzi aliyelelewa na Kiswahili.

Vitabu vitakavyochunguzwa ni viwili, navyo hutumika sana katika madarasa ya wageni: «Minna no Nihongo», kilichotolewa Tokyo mwaka 1998 na 3A Corporation, na «Genki», kilichotolewa mwaka 1999 na The Japan Times. Hapana nia ya kuvishusha hadhi. Vyote viwili vimejengwa kwa uangalifu, na wengi wamejifunza Kijapani kwa vitabu hivyo. Swali ni moja tu: je, vinafundisha kusema juu ya wakati, au vinafundisha kusoma saa ya ukutani?

2. Mpango wa vitabu viwili

«Minna no Nihongo» huingia katika saa kwenye somo la 4. Swali «Ima nan-ji desu ka», yaani sasa ni saa ngapi, huja pamoja na siku za juma na vitenzi vya maisha ya kila siku: kuamka, kulala, kufanya kazi, kupumzika. Tarehe hungoja somo la 5, na urefu wa muda hungoja hadi somo la 11. Kitabu kikuu kimeandikwa chote kwa Kijapani. Maelezo ya sarufi yamo katika kitabu cha pembeni kilichotafsiriwa kwa lugha nyingi.

«Genki» hutoa saa tangu somo la 1, lakini huishia kwenye saa kamili na nusu, huku dakika zikiorodheshwa ili zitazamwe baadaye. Somo la 3 hueleza lini neno dogo «ni» hufuata wakati, na somo la 4 huleta wakati uliopita pamoja na muda. Maelezo yake yote ni ya Kiingereza.

Tofauti hiyo ya mpango si ndogo. Kitabu cha kwanza kinamtaka mwanafunzi aishi siku nzima kwa Kijapani: aamke saa fulani, afanye kazi kuanzia saa fulani mpaka saa fulani. Cha pili kinamtaka aelewe kanuni kwanza. Kwa upande wa somo la wakati, la kwanza lina faida, kwani wakati hujulikana kwa kazi inayofanyika ndani yake. Lakini vyote viwili vinakutana katika jambo moja: vinachukulia kwamba mwanafunzi anapofika darasani tayari anahesabu saa kuanzia usiku wa manane na adhuhuri.

3. Mtego wa saa moja na saa saba

Hesabu ya saa katika Kiswahili huanzia macheo na machweo. Jua likichomoza ni saa kumi na mbili. Saa inayofuata ndiyo saa moja ya asubuhi. Kijapani cha leo huanzia katikati ya usiku na katikati ya mchana. Basi «shichi-ji», saa ya 7 ya Kijapani, ni saa moja ya Kiswahili; na «ichi-ji», saa ya 1 ya Kijapani, ni saa saba ya Kiswahili. Namba mbili zinabadilishana mahali. Tena maneno yenyewe, «ichi» na «shichi», yanakaribiana mno kwa sauti hata Wajapani wenyewe, wakitaka kuepuka kosa kwenye simu au katika matangazo, huweza kusema «nana-ji» badala ya «shichi-ji».

Mwanafunzi wa Kiswahili basi ana hatari mbili katika mahali pamoja: ya sikio na ya hesabu. Akiambiwa kazi inaanza «shichi-ji» akasikia «ichi-ji», amekosa kwa saa sita. Akisikia vizuri lakini akatafsiri namba neno kwa neno, akafikiri ni saa saba, amekosa kwa saa sita vilevile. Hapa halizungumzwi kosa la lafudhi ambalo mwenyeji atalisamehe kwa tabasamu. Linazungumzwa treni lililoondoka, na mwajiri aliyengoja asubuhi mtu atakayetokea mchana.

Msomi wa Kongo atajibu kwamba shule ilikwisha kumzoeza saa za Kifaransa, kwa hiyo atapitia huko. Ni kweli, na ndiyo njia wengi wanayoifuata. Lakini njia hiyo ina gharama. Kila saa hupita katika vichwa viwili kabla ya kufika: kutoka Kiswahili kwenda Kifaransa, kisha kutoka Kifaransa kwenda Kijapani. Tena humfundisha mwanafunzi kwamba saa ya nyumbani kwao ni kizuizi cha kutupwa mlangoni mwa darasa. Historia ya Kijapani yenyewe inakanusha fundisho hilo.

4. Wajapani nao walijifunza

Vitabu vyote viwili vinatoa «gozen» kwa saa za kabla ya adhuhuri na «gogo» kwa saa za baadaye, kama vibandiko visivyo na asili. Lakini «go» hiyo ni alama ya farasi katika mzunguko wa wanyama kumi na wawili, ambao zamani walitumika pia kutaja saa za usiku na mchana. Saa ya farasi ilikuwa adhuhuri. «Gozen» ni kabla ya farasi, na «gogo» ni baada ya farasi.

Katika enzi ya Edo, mchana uligawanywa mafungu sita na usiku mafungu sita. Fungu moja, «toki», lilikaribia saa mbili za leo, lakini halikuwa na urefu uleule mwaka mzima: mchana wa kiangazi ulikuwa na mafungu marefu, na wa kipupwe mafungu mafupi. Kengele zilipigwa kwa hesabu ya kushuka: tisa usiku wa manane, kisha nane, saba, sita wakati wa mapambazuko, tano, nne, halafu tisa tena wakati wa adhuhuri, na kushuka vilevile mpaka nne ya usiku. Mapambazuko na magharibi ndiyo yaliyokuwa nguzo za siku. Wahunzi wa saa walitengeneza saa za aina ya pekee, «wadokei», zilizoweza kurekebishwa kufuata majira.

Msomaji wa Kiswahili hapa anakuta jambo analolijua: mchana na usiku kuwa nusu mbili, na jua kuwa mwanzo wa hesabu. Linalotofautiana lina sababu yake. Katika nchi zilizo karibu na ikweta jua halihamihami sana, kwa hiyo saa za Kiswahili ziliweza kufuata jua na kubaki sawa kwa urefu. Tokyo sivyo: katika mwezi wa Juni jua huchomoza kabla ya saa kumi na nusu ya alfajiri, na mwanzoni mwa Januari hungoja karibu saa moja ya asubuhi. Watu wa Edo waliotaka kufuata jua hawakuwa na budi kuzirefusha na kuzifupisha saa zao.

Mpango huo ulikomeshwa kwa amri ya serikali. Katika mwezi wa 11 wa mwaka wa 5 wa Meiji ilitangazwa kwamba kalenda ya mwezi inaondolewa na ya jua inaingia. Siku iliyopaswa kuwa tarehe 3 ya mwezi wa 12 ikawa tarehe 1 Januari 1873. Watu walipewa muda usiotimia mwezi mmoja. Amri ileile iliweka saa 24 zenye urefu sawa. Wanahistoria hutaja pia sababu ya hazina: kwa kalenda ya zamani mwaka uliofuata ungekuwa na miezi 13, na watumishi walikwisha kuanza kulipwa kwa mwezi.

Hapo ndipo Fukuzawa Yukichi alipotoa kijitabu chake «Kaireki-ben» mwaka 1873. Alieleza kalenda mpya, akaeleza juma la siku saba, tena akaeleza jinsi ya kuitazama saa na kuisoma. Kwa maneno mengine, miongoni mwa vitabu vya mwanzo vya kufundisha saa hii ya «ichi-ji» na «ni-ji» kimo kimoja kilichoandikwa na Mjapani kwa Wajapani, watu waliokuwa na saa nyingine na kulazimika kujifunza ngeni. Somo la 4 la «Minna no Nihongo» na somo la 1 la «Genki» ni wajukuu wa kijitabu hicho, lakini hawamtaji babu yao.

Saa ya zamani haikutoweka yote. Kitafunio cha mchana huitwa «oyatsu» hata leo, na jina hilo latokana na «yatsu», kengele ya nane, iliyopigwa kiasi cha saa nane hivi za Kiswahili. Kwa bahati njema namba hizo mbili zinalingana, na mwalimu mwenye wanafunzi wa Kiswahili angepata hapo mfano usiosahaulika.

5. Siku, juma na tarehe

Siku za juma katika Kijapani zina majina ya mwezi, moto, maji, mti, metali, udongo na jua: «getsuyōbi» ni Jumatatu, «nichiyōbi» ni Jumapili. Majina hayo yalifika zamani kwa njia ya elimu ya nyota kutoka China, lakini juma kama mpango wa kazi na mapumziko ni la juzi: ofisi za serikali zilianza kupumzika Jumapili na nusu ya Jumamosi mwaka 1876.

Vitabu vinatoa majina hayo kama orodha ya kukariri. Mwenye Kiswahili angeweza kuonyeshwa zaidi, kwa sababu lugha yake ina majuma mawili. Kiswahili cha pwani huhesabu kutoka Ijumaa, siku ya sala: Jumamosi ni ya kwanza, Jumatatu ni ya tatu. Kiswahili cha Kongo huhesabu kutoka kazini: Jumatatu huitwa siku ya kwanza, na Jumamosi siku ya posho, yaani siku ya kugawiwa chakula cha wafanyakazi. Juma moja limejengwa na msikiti, lingine limejengwa na kampuni, na la Kijapani limejengwa na nyota. Mwanafunzi akilifahamu hilo hatatafuta namba ndani ya «kayōbi» wala «suiyōbi».

Tarehe ni ngumu zaidi. Kutoka siku ya 2 hadi ya 10 Kijapani hutumia hesabu yake ya asili: «futsuka», «mikka», «yokka», mpaka «tōka», kisha huingia hesabu ya Kichina, isipokuwa 14, 20 na 24. Siku ya 4, «yokka», na ya 8, «yōka», huwachanganya wageni wote. Siku ya kwanza ni «tsuitachi», neno linalotokana na kuanza kwa mwezi angani. Je, jambo hili ni geni? Kiswahili nacho husema tarehe mosi na tarehe pili, wala hakisemi tarehe moja wala tarehe mbili. Lugha zote mbili zimehifadhi maneno ya pekee mahali pale mwezi unapoandama. Vilevile dakika, zinazobadilika «ippun», «ni-fun», «san-pun», hazipaswi kumshangaza mtu ambaye tangu utoto amesema ulimi na ndimi, watu wawili na nyumba mbili.

6. Kitenzi na neno dogo

Sehemu iliyo na uzito zaidi ni ya sarufi. Kanuni ya «ni» hufafanuliwa mara nyingi kwa kulinganisha na vihusishi vya lugha za Ulaya: panapohitaji kihusishi kule, «ni» huwekwa hapa. Ulinganisho huo haumfai mwenye Kiswahili. Yeye husema «nitafika saa mbili» na «nitafika kesho» bila kihusishi popote. Neno «mnamo» ni la hiari. Kwa hiyo kosa lake litakuwa kuacha «ni» kila mahali. Anahitaji kuambiwa jambo lingine: wakati unaosomwa kwenye saa au kwenye kalenda hupokea «ni», na wakati unaopimwa kutoka pale alipo msemaji, kama leo, kesho na mwezi ujao, haupokei.

Pili, maneno «saa mbili» katika Kiswahili yana maana mbili: nukta ya siku, na urefu wa muda. «Nilingoja saa mbili» haieleweki mpaka mazingira yaeleze. Kijapani hakivumilii utata huo: «hachi-ji» ni nukta, «ni-jikan» ni urefu, na silabi «kan» ina maana ya nafasi iliyo kati ya vitu viwili. «Minna no Nihongo» kinatenganisha mambo haya mawili kwa masomo saba. Mwanafunzi wa Kiswahili, katika masomo hayo saba, atakuwa amekwisha kujenga kosa lake na kulizoea.

Tatu, kiambishi -ta-. Katika Kiswahili ni cha wakati ujao: nitakula. Katika Kijapani «-ta» ni ya jambo lililokwisha: «tabeta», nilikula au nimekula. Sauti ileile inaelekea upande wa pili. Wakati ujao, kwa upande wake, hauna kiambishi chake. «Ashita iku», kesho naenda, hutosha. Vitabu vyote viwili huanza na umbo la adabu, «tabemashita», na hivyo hatari hii huahirishwa, haiondolewi.

Lakini Kiswahili kina pia mali ambayo vitabu vinaipita bila kuiona. Mjapani akiulizwa kama amekwisha kula, hujibu «Mada desu». Kiswahili hujibu «Bado». Neno moja tu latosha, nalo labeba maana nzima: jambo halijawa, lakini linangojewa. «Sijala bado» ina mwenzake kamili katika «mada tabete imasen», umbo ambalo «Genki» hulifikia kwenye somo la 9 na kulieleza kwa aya nzima. Kwa mwenye Kiswahili mstari mmoja ungetosha. Hali ni hiyo kwa «saki», neno linaloshangaza wageni kwa kuwa «sakihodo» ni hapo awali na «kono saki» ni tangu sasa kwenda mbele. Mwenye kusema «siku zilizotangulia» kwa zamani na «siku za mbele» kwa zijazo hana la kushangaa.

7. Miaka ya enzi na usiku wa kuamkia

Yapo mambo mawili ambayo mgeni hukutana nayo nje ya darasa. La kwanza ni miaka ya enzi. Hati nyingi za Japani huandika mwaka kwa jina la enzi: Shōwa tangu 1926, Heisei tangu 1989, Reiwa tangu tarehe 1 Mei 2019. Mwaka 1989 ulikuwa Shōwa 64 kwa siku saba tu, kisha ukawa Heisei 1. Mwaka 1960, Kongo ilipopata uhuru, ulikuwa Shōwa 35. Kuijua hesabu hiyo ni kuweza kujaza fomu ya ofisi bila kuomba msaada.

La pili ni saa zinazopita 24. Ratiba za televisheni na mabango ya baa huweza kuandika saa 25 ya Jumamosi. Maana yake ni saa saba ya usiku wa kuamkia Jumapili. Mwenye lugha yenye maneno «usiku wa kuamkia» anaielewa mara moja: usiku ni wa watu walio macho, na siku haikatwi mpaka walale.

8. Hitimisho

Yaweza kusemwa kwamba kitabu cha wanaoanza hakiwezi kubeba historia ya Edo wala ulinganisho na kila lugha ya dunia. Pingamizi hilo ni la haki. Hata hivyo maelezo ya «gozen» yanahitaji mstari mmoja, ya «oyatsu» mstari mmoja, na onyo juu ya «ichi-ji» na «shichi-ji» mistari miwili. Wala lawama haiviangukii vitabu hivyo peke yake. Viliandikwa kwa wasomaji ambao waandishi wake waliwafahamu. Msomaji wa Kiswahili hakuwa miongoni mwao, na hakuna atakayemwandikia asipoandikiwa na wanaoijua lugha yake.

Kazi inayobaki basi ni ya idara za Kiswahili kabla ya kuwa ya Tokyo: kijitabu cha kurasa chache cha kuambatana na mojawapo ya vitabu hivi, kitakachoanza na saa ya Kiswahili, kivuke moja kwa moja hadi ya Kijapani pasipo kupitia lugha ya tatu, kitenganishe nukta na muda tangu siku ya kwanza, na kilipe neno «bado» heshima yake. Kati ya vitabu viwili, «Minna no Nihongo» ndicho kinachofaa zaidi kubeba kijitabu hicho, kwa kuwa matini yake ni ya Kijapani kitupu na maelezo yake yanaweza kubadilishwa bila kuvunja kitabu. Fukuzawa aliwaandikia watu wa nchi yake walipobadilishiwa saa. Mwanafunzi wa Lubumbashi au wa Bukavu, anayetakiwa kufika kazini «shichi-ji», anastahili angalau kuambiwa kwa lugha yake kwamba hiyo ni saa moja ya asubuhi.